Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Mashabiki wa William Holden, Mwaka wa 2024

Wanachama wenzangu,

Salamu kwenu nyote mlio Nairobi, Nyeri na Nanyuki, pamoja na ndugu zetu wawili wa Mombasa. Taarifa hii ilikuwa isomwe mbele yenu Jumamosi tarehe 18 Januari 2025, lakini haikusomwa. Tulikodi ukumbi kuanzia saa nane mchana. Kufikia saa tisa na nusu tulikuwa watu 11, na katiba yetu inataka wanachama 21 ili akidi itimie. Daftari lina majina 63. Tulikunywa chai iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya watu 40, tukafunga mlango, tukaenda zetu. Basi ninaituma kwa maandishi, na ninamwomba kila mmoja aisome hadi mwisho, hasa wale waliosema mengi juu yangu tangu nilipozindua kijitabu chetu Novemba na siku ya mkutano wasionekane.

Shughuli za mwaka mnazijua. Tarehe 20 Aprili tuliadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Holden, mwigizaji wetu wa filamu wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 17 Aprili 1918 huko O'Fallon, Illinois, akiitwa William Franklin Beedle. Mvua mnaikumbuka, ndiyo ile iliyoizamisha Nairobi, na bado wanachama 14 walifika, wengine wamebeba viatu mkononi. Nawashukuru. Siku hiyo tulitazama kile kipande cha sherehe ya Oscar, tuzo za filamu za Marekani, ya mwaka 1978, nilichokitafuta mwenyewe kwa muda mrefu. Holden anapanda jukwaani na mwigizaji mwenzake Barbara Stanwyck kutangaza tuzo ya sauti. Kabla ya kusoma majina anasita, halafu anasema kwamba miaka 39 iliyopita walikuwa wakitengeneza filamu pamoja, mambo yakawa yanamwendea vibaya, wakataka kumwondoa, na aliyesimama akamtetea ni mama huyu. Stanwyck hakuwa amejiandaa. Anageuka ghafla, uso umebadilika, anamkumbatia. Mwaka 1982 mama huyo alipopewa Oscar ya heshima, Holden alikuwa ameshafariki, naye akaiinua ile sanamu na kumkumbuka palepale. Ukumbini mama yetu mmoja wa Nyeri alilia waziwazi, wala hakuona haya. Kwangu mimi hicho ndicho kikao bora tangu chama kianze.

Juni tulionyesha filamu ya Stalag 17, iliyompa Oscar yake. Walikuja 9. Agosti tulikwenda Nanyuki, watu 9 tena, kwa gari la kukodi. Kwa manufaa ya wanachama wapya: mwaka 1959 Holden pamoja na Ray Ryan na Carl Hirschmann walinunua ile hoteli iliyo chini ya Mlima Kenya wakaifanya Mount Kenya Safari Club, na baadaye yeye na wenzake wakaanzisha ranchi ya wanyama palepale jirani. Filamu ya The Lion ya mwaka 1962 nayo ilipigwa hapa Kenya. Alipofariki, Stefanie Powers, mwandani wake wa miaka ya mwisho, alianzisha mwaka 1982 wakfu unaobeba jina lake, na hadi leo karibu na Nanyuki kuna kituo ambako watoto wa shule hufundishwa kuhusu wanyamapori. Tuliwaona bongo wa mlimani, wale swala wekundu wenye mistari myeupe, ambao msituni wamebaki wachache mno. Mmoja alisimama nyuma ya waya akitutazama, masikio makubwa yakizungukazunguka, na gari zima likanyamaza. Chakula tulikula mjini, kwa sababu bei za hotelini si za chama chetu.

Sasa nifike kwenye suala la kijitabu.

Tarehe 16 Novemba tulifanya kumbukumbu ya kifo chake na kuzindua kijitabu chetu cha kurasa 24. Kijitabu hicho nilikiandika mimi kwa miezi mitano, usiku baada ya kazi, bila malipo. Kurasa 20 hazina mgogoro na mtu. Mgogoro uko kwenye ukurasa wa 14 hadi wa 17, ambako nimeeleza unywaji wake wa pombe, ile ajali ya Italia, na jinsi alivyokufa. Siku hiyo walihudhuria watu 27, idadi kubwa kuliko zote za mwaka. Sita waliondoka kabla filamu haijaanza. Mmoja aliacha kijitabu chake juu ya kiti, kimefunguliwa hapohapo ukurasa wa 16. Tangu siku hiyo nimepokea barua mbili, ujumbe mwingi wa simu, na maneno ya pembeni ambayo sitayaandika hapa. Madai ni matatu: kwamba marehemu hasemwi, kwamba niliamua peke yangu, na kwamba nilichagua Sunset Boulevard kwa makusudi, filamu inayoanza kwa maiti kuelea bwawani, ili kuongeza maiti juu ya maiti.

Nianze na la pili kwa sababu ni la utaratibu. Rasimu yote niliiweka kwenye kundi letu la WhatsApp tarehe 9 Septemba. Watu wawili walijibu, mmoja wao kwa alama ya kidole gumba tu. Kamati ina wajumbe 7. Kikao cha tarehe 28 Septemba kilihudhuriwa na wajumbe 4, watatu wakakubali, mmoja akakataa, na hayo yamo kwenye kumbukumbu za katibu. Wajumbe watatu ambao hawakufika ndio waliokuja kuniambia Novemba kwamba hawakushirikishwa. Nakubali kwamba ningeweza kumpigia kila mmoja wao simu. Lakini mjumbe anayeitwa kikaoni mara tatu bila kuja naye ana sehemu yake ya lawama.

Kuhusu filamu: hiyo ya mwaka 1950 ndiyo iliyomwinua. Nafasi ile alikuwa aicheze mwigizaji mwingine, Montgomery Clift, akajitoa, akapewa Holden, ambaye kwa miaka kumi alikuwa akipewa vijana wazuri wa sura wasio na uzito. Ndiyo iliyomletea uteuzi wake wa kwanza wa Oscar. Kama kuna filamu moja inayofaa kumkumbuka mtu huyu, ni hiyo. Sikuichagua kwa ajili ya maiti.

Sasa lile la kwanza, ambalo ndilo zito. Ninajua kwamba kwetu marehemu hasemwi vibaya. Nimelelewa hivyo hivyo. Lakini nilichoandika si matusi. Mwaka 1966 huko Italia gari lake liligonga gari dogo na dereva wa gari hilo akafa. Mahakama ilimpata na hatia, akapewa kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa. Alikuwa amekunywa. Na tarehe 12 Novemba 1981, akiwa peke yake katika nyumba yake ya Santa Monica, naye amelewa, aliteleza kwenye zulia, paji la uso likagonga pembe ya meza ya kando ya kitanda, akavuja damu hadi akafa. Alikuwa na miaka 63. Mwili wake ulipatikana tarehe 16, siku nne baadaye. Ndiyo maana nilichagua tarehe 16 na si 12, na wale walioniuliza kwa hasira kama sijui hata tarehe ya kifo chake sasa wamepata jibu.

Siku nne. Mtu ambaye uso wake ulijulikana dunia nzima, aliyesimama upande wa Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, kwenye harusi yake ya mwaka 1952, alilala siku nne sakafuni na hakuna aliyebisha hodi. Tukiitoa habari hiyo kwenye kijitabu, tunamheshimu yeye au tunajificha sisi?

Mnaosema kwamba hata Marekani kwenyewe jambo hili lilileta hasira, ni kweli. Thomas Noguchi, daktari wa uchunguzi wa maiti wa Los Angeles, alilaumiwa vikali kwa kusema hadharani kwamba Holden alikuwa amelewa, na mwaka 1982 akashushwa cheo, miongoni mwa sababu zikiwa maneno yake juu ya vifo vya watu mashuhuri. Najua hayo, yamo kwenye ukurasa wa 17. Najua pia kwamba mimi si daktari wala mwandishi wa magazeti. Mimi ni shabiki. Nimempenda Holden tangu nikiwa na miaka 12, na ule uso wake wa uzeeni, kama tunavyouona katika filamu ya Network ya mwaka 1976, sote tumeusifu vikaoni. Tumeiita ile mikunjo ya hekima. Sehemu ya mikunjo ile ni ya pombe. Hatuwezi kuisifu mikunjo kisha tukatae kutaja kilichoichora.

Kuna jambo jingine ambalo sikutaka kulitaja, lakini barua moja imenilazimisha, ile iliyosema kwamba ninaandika juu ya walevi kama mtu ambaye hajawahi kuishi nao. Kaka yangu mkubwa alifia chumba cha kupanga mwaka 2009. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, aliyeweza kukata suti bila karatasi ya kipimo. Tulimpata siku ya tatu, baada ya mwenye nyumba kupiga simu kuulizia kodi. Kwenye mazishi tulisema aliugua ghafla. Sote tuliokuwa pale tulijua, na sote tulisema hivyo. Ni yeye aliyenipeleka kutazama filamu ya Holden kwa mara ya kwanza, tukakaa safu ya mbele shingo zikituuma, akaninong'oneza, "Mtazame anavyotembea." Nilipokuwa nikiandika ukurasa wa 16 nilikuwa nikiwaandika wawili. Sitaomba radhi kwa ukurasa huo.

Nitakachoomba radhi ni kimoja. Sikuwaonya wanachama mapema kwamba siku ile ingekuwa na maneno mazito, na baadhi yenu mlikuja na watoto. Hilo lilikuwa kosa langu.

Sasa ada. Ada ni shilingi 1,200 kwa mwaka, yaani shilingi mia moja kwa mwezi, pungufu ya nauli ya kwenda na kurudi mjini kwa walio wengi wetu. Wanachama 19 wamelipa. Wanachama 44 hawajalipa, na deni lao lote ni shilingi 52,800. Kati ya sita walioondoka ukumbini Novemba, watano wamo kwenye orodha ya wasiolipa. Sisemi kwamba asiyelipa hana haki ya kukasirika. Ninasema kwamba kijitabu anachokilalamikia kilichapishwa kwa pesa za wengine. Nilipiga simu 31 mwezi wa Oktoba kukumbushia ada, mimi mwenyewe, kwa salio langu. Wengi waliniambia "wiki ijayo". Wiki ile bado haijafika.

Hesabu kwa ufupi, kama mweka hazina alivyonikabidhi: tuliingia mwaka tukiwa na shilingi 31,400, ada zikaleta 22,800, vijitabu 38 vilivyouzwa kwa shilingi 200 vikaleta 7,600, jumla 61,800. Tulitumia 29,000 kuchapisha nakala 200, kumbi 12,000, nyongeza ya gari la Nanyuki 4,500 (gari lilikuwa 18,000 na wasafiri walichanga 13,500), chai na vitafunio 5,850, jumla 51,350. Benki zimebaki 19,950, yaani 10,450 za chama na 9,500 zangu, nilizotoa mfukoni kulipia malipo ya awali ya uchapishaji wakati mweka hazina alikuwa safarini na hundi inataka sahihi mbili. Sijazidai. Risiti zote ziko kwa katibu, na yeyote anayenung'unika kuhusu pesa aende akazitazame. Kufikia leo hakuna aliyekwenda.

Kwa mwaka huu tunatarajia kuendelea na vikao vyetu kama kawaida, tukijaliwa. Kuna wazo la kwenda tena Nanyuki, safari hii na watoto wa shule moja au mbili, tukipata mfadhili. Kuna pia wazo la kuonyesha The Lion, ambayo wengi mmeiomba, na nitaishughulikia mara tutakapopata nakala inayotazamika. Mkutano mkuu tutauitisha tena kabla ya mvua ndefu. Kuhusu uongozi, nimesikia kwamba wapo wanaotaka nijiuzulu. Muda wangu unaisha Desemba 2025. Anayetaka kiti ajaze fomu, alipe ada yake, aje mkutanoni, tupige kura.

Vijitabu 20 tuligawa bure kwa wageni na kwa kile kituo cha Nanyuki. Nakala 142 bado ziko sebuleni kwangu, kwenye maboksi matatu kando ya televisheni. Mmoja wa wajumbe amependekeza kurasa zile nne zichanwe kabla ya kuuza zilizobaki. Nimekataa. Anayetaka kuusoma ukurasa wa 16 kabla ya kuulaumu na aje nyumbani siku yoyote baada ya saa kumi na mbili jioni, achukue nakala yake, hata kama hajalipa ada.

Wenu katika kumpenda Holden,

Mwenyekiti