Barua ya wazi kwa vijana niliowapelekea posa: kaeni chini msuke

Habari zenu wanangu. Assalaam aleikum kwa wenye yao, Bwana asifiwe kwa wenye yao, na wale wa shikamoo tu basi marahaba.

Nawaandikia wote niliowapelekea posa toka nistaafu, nimewahesabu ni ndoa saba, mnajijua. Mshenga kazi yake haiishi siku ya harusi, nyie wenyewe mashahidi mana mnanipigia mpaka saa tano usiku. Mwezi huu wa saba peke yake nimeitwa mara tatu, Chamazi, Kongowe, na hapa hapa Mbagala nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mara zote nimepewa soda ya mgeni nikakaa nikasikiliza, hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyekula hela ya kodi, kesi ni ile ile, "mzee, siku hizi hatuongei". Mmoja akaniambia wanatumiana meseji wakiwa kitanda kimoja, nikajua ananitania, akanionyesha simu. Nilicheka mbele yenu, nisameheni, nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Sasa badala ya kuwazungukia nyumba kwa nyumba na goti hili, ngoja niwaambie wote kwa pamoja kilichotokea kwangu wikiendi ya Sabasaba.

Mwaka huu wa 2025 Sabasaba iliangukia Jumatatu, kwa hiyo ilikuwa siku tatu mfululizo. Nilimuahidi mama yenu kumpeleka maonyesho barabara ya Kilwa, anapenda yale mabanda ya mikeka na vikapu, anapita anavuta pembe ya mkeka wa watu anaupindua chini anakagua alafu anasonya. Lakini kibaridi kilikuwa kimeingia, ule upepo wa kusi wa mwezi wa saba, usiku nyuzi 19 hivi. Najua watu wa Makete kule majani yanapoamka na barafu watatucheka, sawa wacheke, sisi wa Dar nyuzi 19 tunatoa mablanketi. Na magoti yetu hayakutaka foleni. Ijumaa jioni shemeji akawa ametuma mafungu ya ukindu, yale majani ya kusukia mikeka, kwa basi la Ikwiriri, nikayachukua pale kituo cha Rangi Tatu, basi tukabaki ndani.

Mama yenu kwao Rufiji. Posa yangu mwaka 1984 ilivuka mto kwa pantoni pale Ndundu, daraja la Mkapa limekuja kufunguliwa 2003, na mshenga wangu alichelewa pantoni ya mwisho akalala ng'ambo na mbu, mpaka anakufa alikuwa ananidai ile usiku. Kwao mtoto wa kike anakua na ukili mkononi, ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa, ndo unashonwa unakuwa mkeka. Mimi mtu wa pwani pia, lakini mwanaume kwetu anasuka makuti, pakacha, na wavuvi wanasuka madema ya kutegea samaki, mkeka ni wa wanawake na hakuna aliyewahi kutuambia kwa nini. Miaka 41 nimelalia, nimekalia na kusalia kazi ya mikono ya mke wangu na nilikuwa sijui hata unaanzia wapi!

Jumamosi asubuhi tukanywa chai ya tangawizi, mbaazi za nazi na maandazi, nikakaa chini. Sio kwenye kochi nikiangalia, chini. Akanipa kazi ya kuchana. Ukindu unakatwa ule mchanga haujafunguka, unaanikwa mpaka uwe mweupe, alafu kila jani unalichana vipande vyembamba vya upana mmoja, ndo zinaitwa chane. Mnadhani ni mchezo eeh, kwa masaa mawili nilikuwa nimetoa chane ambazo mama yenu aliziangalia akasema hizi tutafungia mchicha.

Mchana ikawa zamu ya rangi. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa, wekundu kwenye mbegu za mzingefuri, siku hizi ni rangi za dukani za unga, unachemsha maji unatumbukiza. Nikajifanya mjuaji nikachukua sufuria la kwanza nililoliona. Lilikuwa lile la wali wa wageni. Mpaka leo lina bluu ndani na mimi sina la kusema.

Jumapili ndo nikaanza kusuka kwenyewe. Akanianzisha na chane nne kama mtoto. Nawaambia siri ya ukindu ni maji. Ukiusuka mkavu unakatika mkononi, na ukiulowesha sana unasukika vizuri sana unafurahi, alafu ukikauka unasinyaa ukili wote unaachia mapengo. Unatakiwa unyevu tu, unapitisha vidole vyenye maji, unaendelea. Ukili wangu ulikuwa unapinda kushoto kama njia ya ng'ombe kwa sababu mkono wangu wa kulia unavuta kuliko mwenzake, mama yenu akasema unavuta kama unafunga mzigo kwenye keria, legeza.

Sasa sikilizeni hapa.

Saa kumi hivi jioni, redio inaongea peke yake mambo ya usajili, mama yenu bila kunyanyua macho akasema, "Ule mkeka wa mama haukuibiwa."

Kuna mkeka mama mkwe alimpa binti yake siku tunaoana, wa rangi tatu, alikuwa kausuka mwenyewe. Mwaka 1995 ulipotea kwenye kamba ya kuanikia, na mimi nikawatukana wapangaji wote wa nyumba ile mpaka mmoja akahama. Kumbe aliuuza mwenyewe, akanunua unga na sare ya mtoto. Mwaka ule ule nilikuwa nimepunguzwa kazini na sikumwambia, kwa wiki tatu nilikuwa naamka navaa naondoka na mkoba wangu kama kawaida, naenda kukaa Feri kwenye samaki mpaka jioni. Akaniambia alijua toka wiki ya kwanza, mana viatu vilikuwa vinarudi na magamba.

Miaka thelathini, wanangu. Mimi nilikuwa namficha na yeye alikuwa ananificha kwamba anajua ninachomficha.

Nilitaka kusimama, lakini ukili ukiuachia katikati unafumuka na nilikuwa nimeuhangaikia toka asubuhi. Nikaendelea kusuka. Nikamwambia nipe chane ya bluu. Akanipa. Tukaongea mpaka saa tatu usiku mambo ambayo kwenye meza ya kulia tusingeyagusa, na hakuna aliyepandisha sauti, kwa sababu huwezi kupandisha sauti huku unahesabu chane, na huwezi kumkodolea mtu macho huku unaangalia vidole vyako. Mke wangu aliweza kuniambia lile neno kwa sababu sikuwa namtazama. Nyie mnakalishana kwenye kochi, "tuongee", mnatazamana kama mahakamani, nani ataongea hapo? Hata mimi ningesema sina tatizo.

Ndo maana nawaomba mtafute kazi moja ya mikono muifanye wote, mmekaa chini, simu ziko chaji chumba kingine. Asiyetaka ukindu achambue mchele, akune nazi, ashone neti. Ila ukindu una faida yake, ni mrefu, hauishi kwa nusu saa, mkeka wa watu wawili sisi mpaka leo hatujamaliza kushona.

Nyie wanaume, msije na lile neno la "namsaidia". Ukisaidia unaondoka ukichoka. Kaa mpaka mwisho wa ukili, na anachokwambia mkeo wakati huo usikijibu hapo hapo, suka kwanza. Mimi ningejibu haraka ningeanza habari ya yule mpangaji aliyehama na leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Na nyie mabinti, ukili wake utapinda. Usiucheke mbele ya dada zako, usiupige picha ukaweka stetasi, na usije ukaufumua usiku yeye kalala ukausuka upya, nawajua. Mama yenu ule wangu uliopinda kauacha, kaushona katikati ya mkeka kabisa, kila anayeingia anauliza huu kasuka nani.

Msidhani pia nawauzia dawa ya kila kitu. Kama ndani kuna kipigo achaneni na mikeka, nipigieni saa yoyote au nendeni dawati la jinsia polisi, sitamwambia mtu avumilie eti kwa sababu mimi ndo nilipeleka posa. Nilishawahi kumwambia mmoja avumilie, zamani, na bado naliwaza.

Jumamosi ijayo shemeji anatuma mafungu mengine sita. Mama yenu kasema mje kuanzia saa tatu asubuhi, wawili wawili, asiyeweza kuja na mwenzake asije kwanza. Kila nyumba ije na shazia yake ya kushonea na beseni la maji. Chai ipo. Sufuria la rangi kila mtu abebe la kwake, mimi nimeshakatazwa kugusa la humu ndani.

Ni mimi mshenga wenu, Mbagala.