Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo wa Uganda: tunaomba viunzi

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu zangu.

Naandika kwa Kiswahili sababu mimi ni mtoto wa polisi, nimekulia kota na kule ndo lugha yetu, halafu baraza la mawaziri lenyewe lilishapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi 2022, kwa hiyo sidhani kama utanirudishia barua haha.

Nina jambo la John Akii-Bua, naye alikuwa polisi. Munich 1972 kila mtu anaijua, fainali ya mita 400 kuruka viunzi, jamaa kapangwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo watu wa miguu mirefu wanaichukia maana kona zimekaza na unaruka mwili umelala upande, akatoka huko huko akawapita wote akiwemo David Hemery aliyekuwa bingwa na mwenye rekodi, akamaliza kwa 47.82. Kabla yake hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48. Dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki hiyo, na ya pili tuliisubiri miaka 40 mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni, London 2012.

Yaliyofuata ndo hatupendi kuyasema. 1976 Afrika ikasusia Montreal kwa sababu New Zealand walienda kucheza raga na makaburu, sawa, sina ugomvi na hilo, ila Mmarekani Edwin Moses akabeba dhahabu pamoja na rekodi ya mtu wetu, na mtu wetu hayupo uwanjani. 1979 serikali ya Amin inaanguka, yeye mtu wa kabila la Lango, kabila lililoteswa na Amin, akaogopa kuonekana mtu wa Amin, akakimbilia Kenya na familia. Bingwa wa Olimpiki kambi ya wakimbizi! Waliomtoa ni Puma, wakampeleka Ujerumani. Kampuni ya viatu, Mheshimiwa, sio sisi. Moscow 1980 alikimbia lakini fainali hakufika. Baadaye alirudi nyumbani akawa anafundisha, akafariki 1997 ana miaka 47 tu, hapo ndo tukampa mazishi ya kitaifa.

Sasa mimi siombi sanamu wala barabara yenye jina lake. Akii-Bua alianza na mita 110, ni kocha Malcolm Arnold aliyemwona akamhamishia 400, maana yake kulikuwa na kocha na kulikuwa na viunzi vya kurukia. Leo hii mtoto kama yeye ataonekana wapi? Tangu Davis Kamoga apate shaba ya mita 400 Atlanta 1996, medali zetu zote za riadha kwenye Olimpiki ni za mbio ndefu, hongera kwao kabisa, lakini nchi iliyomtoa Akii-Bua haikosi watoto wenye kasi.

Sisi hapa tunafundishia miti na mabomba. Kiunzi cha kweli ukikigonga kinaanguka, mti hauanguki, anaanguka mtoto, na akishachanika goti kesho haji, mzazi naye anakuja kutugombeza na ana haki. Tupeni seti moja ya viunzi kila wilaya, zikae shule moja yenye uwanja wa maana, tutazungushiana wenyewe. Na semina ya walimu, hata ya wikendi mbili wakati wa likizo, nauli tutajilipia.

Ni mimi,
Mwalimu wa michezo, Lira