YAH: KUKATIWA OPERA KABLA HAIJAISHA NA KUDHALILISHWA KWA BABA YANGU

Ndugu Meneja,

Masharti yenu mnayajua, siyarudii. Kifurushi cha juu nimelipia, risiti ninayo.

Jumapili usiku chaneli yenu ya sanaa ilirusha Věc Makropulos, opera (mchezo wa kuimbwa) ya mtunzi Mcheki Leoš Janáček. Baba yangu ana miaka 86. Ujanani alisomea uhandisi Brno, huko Chekoslovakia ya zamani, mji ule ule opera hii ilikooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, na huko ndiko alikoiona. Wiki nzima alikuwa akiniuliza, "Ni leo?"

Sehemu mbili zilipita salama. Katika ya tatu, Emilia Marty anakiri kwamba jina lake hasa ni Elina Makropulos, kazaliwa Krete mwaka 1585. Baba yake, tabibu wa Kaisari Rudolf wa Pili, alimjaribishia dawa ya kurefusha maisha, na katika hadithi, mwaka 1922, ana miaka 337. Hapo hapo kioo kikawa cheusi: "Huna kifurushi."

Nilisubiri kwenye simu dakika 40. Nikamweleza mhudumu wenu kuwa mzee wangu anangoja mwisho. Akanijibu: "Mzee wa miaka 86 opera ya nini? Mwambie alale." Nilikuwa nimeweka spika. Baba alisikia.

Na asubuhi ya Jumapili hiyo hiyo nilishapiga kuhakikisha, nikaambiwa kila kitu kiko sawa!

Nayarudia maneno yale, msije mkayapita. Baba ameshika rimoti kwa mikono miwili, maana mmoja unatetemeka. Mhudumu anasema, "Mzee wa miaka 86 opera ya nini? Mwambie alale," na nyuma yake wenzake wanacheka. Baba akaiweka rimoti mezani, akaomba nimsindikize kitandani. Mpaka asubuhi hakusema neno.

Mnajua mlichomkatia? Mwishoni yule mwanamke anaikataa dawa. Amechoka. Aliowapenda wamekufa wote, na kwake kuimba na kunyamaza ni mamoja. Karatasi yenye maelekezo ya kutengeneza dawa anampa Kristina, mwimbaji binti mdogo, naye anaichoma moto, na Emilia anakufa. Baba amemzika mama, amewazika wadogo zake wanne na karibu wote aliosafiri nao kwenda kusoma. Nyumbani kwetu, anayejua mwisho ule unasema nini ni yeye.

Nilikaa kuandika nikidai hela yangu ya mwezi tu. Haitoshi. Mhudumu yule na msimamizi wake wampigie baba wamwombe radhi, kwa shikamoo na kwa jina lake, na opera irushwe tena yote hadi mwisho. Natoa siku 7. Mkikaa kimya, king'amuzi nitakirudisha mlangoni kwenu, na sauti ya simu ile, niliyoirekodi, nitaipeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kwa wakili.

Baba ameacha kuniuliza habari za televisheni.

Mteja wenu wa miaka tisa,
Dar es Salaam