Gari likila mafuta, anzeni na matairi

Mhariri,

Gari likianza kula mafuta, wengi hukimbilia kubadilisha plagi. Tunawasihi madereva waanze na upepo wa matairi. Upimwe tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu tu. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea na kupata joto, na joto hilo ni mafuta yanayopotea.

Baada ya safari, sogezeni kiganja karibu na rimu bila kuigusa: moja ikiwa na joto kuliko nyingine, huenda breki inakwama. Thamostati, yaani vali inayodhibiti maji ya kupoza injini, ikikwama wazi nayo huacha injini baridi, kompyuta ya gari ikazidisha petroli.

Na mwendo jamani! Kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, ukinzani wa hewa hukaribia kuongezeka maradufu.

Mafundi magari