Si mama katili, ni mgonjwa

Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lako kimya, lakini habari ya yule binti anayeshtakiwa kumuua kichanga wake imenishinda. Kesi haijasikilizwa, nanyi mmeshamwita "mama katili" kwa herufi kubwa. Kanuni ya Adhabu yenyewe, kifungu cha 199, inatambua kuwa akili ya mama inaweza kuvurugika kwa sababu ya uzazi, mtoto akiwa hajatimiza miezi 12. Mwandishi wenu hakuligusa hilo hata kwa mstari mmoja.

Mimi nilipata sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili. Mtoto akilala, mimi macho makavu. Nikimpakata, naona kama nimeshikishwa mtoto wa mtu. Kliniki ya wiki 6 wakampima uzito, wakamchoma sindano, wakajaza kadi. Nikamwambia nesi kwa sauti ya chini kwamba kuna usiku natamani kusikuche. Akanijibu huku anamwita mwenzangu wa nyuma, "Mama, mshukuru Mungu, wenzio wanamtafuta huyo mtoto." Nyumbani mama mkwe akasema nimepigwa kijicho, nikaletewa kombe, maji ya aya za Kurani, ninywe. Wifi akasema nadeka. Nilikandwa maji ya moto, nikanyweshwa uji wa pilipili manga, mwili ukarudi, na katika wote hao hapana aliyeniuliza moyoni nina nini! Aliyeniokoa ni jirani, mkunga mstaafu, aliyenipeleka mwenyewe hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili. Nikapewa dawa bila kuachishwa kunyonyesha, na mtu wa kuzungumza naye.

Na hao kina baba? Sheria ya ajira inawapa likizo ya siku 3. Mume wangu alirudi kazini kitovu cha mtoto hakijadondoka. Angeyaonea wapi hayo?

Maswali ya Edinburgh, ya kumpima sonona mama aliyejifungua, yapo tangu 1987. Ni 10 tu, hayamalizi dakika tano. Yaulizwe siku ya chanjo ya wiki 6, nyuma ya pazia, mama peke yake, mama mkwe abaki nje na mtoto. Lile la mwisho, la kujidhuru, lisirukwe hata foleni ikiwa ndefu namna gani. Nanyi, kila mnapochapa habari kama ile, chini yake andikeni kwamba ugonjwa huu unatibika, na kwamba hospitali ya mkoa kuna kitengo chake.

Mama wa watoto wawili,
Tanga