Kawaida ya Masaki si kawaida ya Manzese

Mwanangu,

Kama unaisoma barua hii, basi umelivaa koti, au angalau umelipekua mifuko. Nimeiweka mfuko wa ndani makusudi. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini kwenye simu unasoma mstari wa kwanza halafu unajibu "sawa mama" kabla sijamaliza.

Nimeondoka na basi la alfajiri. Arobaini ya shangazi yako ni kesho Ijumaa, siwezi kukosa, na Korogwe si Kibaha useme nitakwenda na kurudi. Nitakuwa nyumbani Jumapili jioni. Usaili wako wa kile chuo cha Marekani, MIT, ni Jumamosi saa nne asubuhi. Hizo siku nimezihesabu mara nyingi nikijaribu kuzisogeza, zimekataa.

Jambo langu ni moja. Ile barua pepe ya yule bwana atakayekusaili ulinisomea haraka haraka, umesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Kwamba mtakutana kwenye mgahawa kule Masaki kwa wenye nazo, mtakunywa kahawa, mtaongea kama saa moja, na wewe uvae kawaida tu. Ukaniambia, "Unaona mama? Kawaida tu." Tangu siku hiyo naitafuna hiyo kawaida, haimezeki.

Huu ni mwaka wa 19 nashonea watu, na hakuna neno linalonitia hasara kama hilo. Mteja anaingia, anaweka kitambaa mezani, "nishonee ya kawaida tu, fundi." Mmoja kawaida yake ni shingo ya duara na mikono ya robo tatu, mwingine kawaida yake ni mgongo wazi. Siku ya kuchukua wote wawili wamenuna. Siku hizi mtu akinitajia kawaida namwambia kaa hapo kwenye benchi, nichoree.

Yule bwana hukumwambia akuchoree. Na kawaida ya Masaki si kawaida ya Manzese kwetu, baba. Yeye amesoma huko huko MIT, ana kazi yake, akija na fulana na kaptura watu watasema leo Jumamosi, amepumzika. Wewe ukija na fulana, mlinzi wa getini atakuuliza unamtafuta nani. Sisemi kwa uchungu. Nimepeleka nguo za wateja upande huo, namjua huyo mlinzi.

Tena ni wewe uliyeniambia kwamba hatakuwa na matokeo yako. Hajui kama una division one ya pointi tatu, hajui ule mtihani wao wa SAT uliofanya, hana karatasi yoyote. Ni mtu aliyesoma pale zamani, anajitolea, halipwi. Anaongea na wewe, anaandika alichokiona, anatuma Marekani, na wanaoamua wako kule. Ulinieleza hayo ili nitulie. Mimi nikasikia kingine. Kama ataandika alichokiona, tujiulize ataona nini.

Kwa hiyo nikashona suti. Najua hukuniomba. Kitambaa ni kile cha kijivu kilicholala kabatini tangu mwaka juzi, cha yule baba aliyelipa nusu akapotea. Nimemsubiri vya kutosha. Akitokea wiki hii, ingawa hawezi kutokea, mwambie mama amesafiri, usiongeze neno. Na usimfungulie ukiwa umelivaa.

Vipimo nilichukua kwenye suruali yako iliyokuwa kwenye kamba na lile shati la Idi. Ningekupima mwilini ungeanza maswali. Ila tangu urudi jeshini JKT mabega si yale, nayaona unapoinama kuchota maji, kwa hiyo nimeongeza, na nimeongeza kwa jicho. Sasa fanya hivi. Inua mikono yote miwili kama mtu anayetafuta kitu juu ya kabati. Koti likikuvuta kwapani, liache. Nasema kweli, liache nyumbani. Sitaki ukae saa nzima mbele ya mtu unavuta mkono wa koti, maana anayehangaika na nguo hasikii swali. Lile shati la Form One unalijua, sina haja ya kulirudia. Nilidhani utakua haraka.

Jana usiku nikiwa napiga pasi, jasho limefika kidevuni, nikakumbuka kwamba huu ni Januari. Koti lina bitana. Kwa joto hili la kaskazi utafika Masaki umelowa kama umetoka kuvua. Basi nimekutolea pia ile suruali ya kadeti ya bluu, nimeipunguza urefu, na shati jeupe la mikono mirefu. Chomekea. Mkanda mweusi, moka nyeusi, na soksi zisiwe zile za mpira. Tai nakubaliana na wewe, usivae. Tai na kikombe cha kahawa utaonekana karani aliyetoroka kazini. Koti libebe mkononi. Ukifika, ukimkuta yule bwana na fulana, litundike kwenye mgongo wa kiti. Ukimkuta na koti, unalo.

Unaona nimeshuka bei. Kutoka suti nzima mpaka koti la mkononi. Chini ya hapo sishuki, na hiyo fulana yenye maandishi kifuani nimeiloweka kwenye beseni, haitakauka kabla ya Jumamosi.

Safari. Usipandie pale kituoni kwetu kuelekea mjini. Hata Jumamosi, asubuhi ile huingii kwenye basi la mwendokasi, unaingizwa. Geuza nalo: panda linalokwenda Kimara, pata kiti pale mwisho, rudi nalo mpaka Morocco, ndipo utafute bajaji. Safiri na fulana yoyote, shati likae kwenye hanga ndani ya mfuko wa nguo za wateja. Ukishuka ingia msikitini, nawa uso, vaa shati, futa viatu. Nauli ya bajaji iko kwenye kopo la vifungo, chini ya vifungo vyenyewe. Nimeweka na ya kahawa. Akisema atalipa yeye, mwache alipe, mshukuru, ila usiende mikono mitupu ukitegemea mfuko wa mtu. Na usiagize kitu cha kuchovya. Shati ni jeupe.

Ukikaa, mtazame usoni. Najua ni mimi niliyekukataza kumkazia macho mtu mzima, na hapa nyumbani katazo liko palepale. Huyo mtazame.

Sasa lile nililotaka kulinyamazia. Nilipokuwa natafuta risiti ya umeme wa LUKU nilikuta ile fomu uliyoichapisha. Sijasoma Kiingereza chako chote, ila pale penye kazi ya mama niliuliza maana kwa mwenye duka la vifaa. Mjasiriamali. Nikarudi nikakaa kwenye cherehani, nikashindwa hata kutunga uzi. Mjasiriamali ni nani? Mimi namjua yule anayekuja kwenye semina na kadi zake. Mimi ni fundi. Ada yako imetoka kwenye sindano namba 14 na namba 16, na nyingine zilivunjikia kidoleni.

Lakini nilipokuwa nafunga mzigo nikawaza. Ulipokuwa unapita dukani na wenzako wa shule, nilikuwa nakutuma sokoni upesi, nyanya, kitunguu, chochote. Nilijiambia nakuondolea aibu. Sikukuuliza kama unayo. Basi.

Akikuuliza hesabu ulianza kuzipenda wapi, usimpe ile hotuba uliyokuwa unaikariri mbele ya kioo. Nimeisikia, ukuta wetu ni mwembamba. Haina mtu ndani yake. Mwambie habari ya sketi za mwavuli. Upande wako unaujua, wangu hukuambiwa. Fundi aliyenifundisha, kupata urefu wa kuzungushia chaki, alikuwa anagawa kiuno kwa sita, na mimi nikagawa kwa sita miaka yote. Kiuno cha inchi 28 kinakupa nne na zaidi ya nusu, unazungusha chaki, unakata, halafu ukifika kwenye mshipi kitambaa kinazidi inchi moja na kitu. Nilikuwa naikunja ile ziada kwa nyuma, naificha karibu na zipu, mteja anaondoka anafurahi. Nilidhani mkono wangu ndio mbovu. Siku ulipotoka chini ya meza na tepu shingoni ukasema gawa kwa 6.28, nilikufukuza, unakumbuka. Usiku ukiwa umelala nikajaribu kwenye gazeti. Haikufika nne na nusu. Nikakata, nikaunga, ikakaa kiunoni bila kubakiza hata upana wa ukucha. Nililia kidogo, sikukwambia, kwa sababu nilifikiria sketi zote zile. Namba hiyo niliiandika kwa wino ubavuni mwa cherehani, nyuma ya gurudumu, ndiyo maana hujawahi kuiona. Nenda katazame.

Halafu juzi unaniambia chuo chenyewe hupenda kutoa majibu tarehe 14 Machi, wao wanaiandika 3/14, saa 12 na dakika 28 jioni ya kwao, wanaiandika 6:28, kwa ajili ya namba hizo hizo za duara: 3.14, na 6.28 ambayo ni mara mbili yake. Kwetu itakuwa saa saba na dakika 28 usiku, tayari tarehe 15. Mwezi utakuwa wa Ramadhani na mashono ya Idi yatakuwa yamejaa, nitakuwa macho. Utaniamsha hata kama sijalala.

Kuhusu pesa, unasema MIT hawaangalii mfuko wa mzazi wanapochagua, hata kwa watoto wa nje, na kinachopungua wanajazia wao. Nimekuamini. Chuo Kikuu cha Mlimani hapa Dar ulipata nafasi ukaiacha, sikusema kitu, na hapa sisemi.

Ya nyumbani. Uniti za umeme zimebaki sita. Pasi nimeshapiga zote, usipige tena kwa mashaka. Maji yakitoka leo jaza madumu yote, nasema yote, si yale mawili ya mbele ambayo wageni wanayaona. Mdogo wako asiguse ovaloki. Akitaka kushona nguo ya mwanasesere ampe bibi wa jirani. Dagaa ziko juu ya friji kwenye kopo la rangi, funga kifuniko, yule paka amerudi. Mama wa sare za harusi atapita kesho baada ya swala. Sare sita ziko kwenye mfuko wa buluu. Amebakiza elfu arobaini. Mpe tano, ya sita aione tu, mpaka atoe pesa. Akianza kukuita "mkwe wangu" usicheke, ndiyo mbinu yake.

Viatu vyako nimevipaka dawa, lakini cha kushoto soli imeanza kuachia pale mbele. Nimeweka gundi na kukikandamiza na jiwe la kusagia. Usikitoe kabla ya kesho jioni. Ukikitoa mapema kitakufungukia Masaki, na hapo utanikumbuka vibaya.

Kesho kwenye dua ya shangazi yako lako nitaliingiza humo humo. Hatakasirika, yeye ndiye aliyekuwa anakuita mhandisi tangu hujui kuvaa viatu.

Ijumaa usiku lala mapema. Na nakuomba tena, hilo neno kawaida usiliamini sana, hata kama limeandikwa na mtu mwema.

Mama yako

Nimesahau. Ndani ya mshono wa nyuma wa kadeti nimeacha inchi moja na nusu. Ikibana mpelekee fundi wa upande wa pili wa barabara, mwambie mama atamlipa Jumatatu. Wewe usiguse na wembe. Na ukishavaa, kabla hujatoka, nitumie picha. Ya kusimama, si ya uso peke yake. Viatu vionekane.