Jumamosi: benchi la kukunja

Habari za jioni wanakikundi. Zamu hii ya kutengenezewa benchi, yaani meza ya kazi inayokunjwa ukutani, ni ya dada yetu wa Tandika, mwenye chumba kimoja. Tunakutana kwake Jumamosi saa 3 asubuhi.

1. Mchango ni Sh 15,000 kila mmoja, mwisho Alhamisi saa 12 jioni, kwa mweka hazina. Ijumaa tunapita Keko kuchukua mbao, plaiwudi ya milimita 18 na bawaba. Bawaba za bei chee hapana, zinalegea mapema.

2. Dada, simama wima mikono chini, mtu akupime toka sakafuni hadi kifundo cha mkono. Huo ndio urefu wa benchi lako. Nitumie leo.

3. Wenye drili na misumeno waje navyo. Pimamaji (ya kuangalia usawa) ninayo.

Miguu itafunguka kama mlango kutoka ukutani, kwa hiyo ubao wa ukutani unaoshika meza uwe mnene kuliko miguu, la sivyo meza ikishushwa juu ya miguu iliyokunjwa haitakaa wima. Wa kuranda tafadhali zingatieni hilo.

Chai ipo, vitafunwa tujigharamie 😄

Naomba kila mmoja ajibu NAKUJA au SIJI kabla ya kesho usiku.